Kuuza kwa Kambi Dunia Inapoyumba: Mwongozo kwa Wazabuni Wadogo wa Njombe na Makambako

Mwongozo huu ni wako wewe unayeuza viazi, maharage, unga, nyama, mbao, sare au huduma ya ulinzi kwa kambi za jeshi, JKT, polisi na magereza, ukifanya kazi kutoka Njombe mjini, Makambako au vijiji vya jirani. Huuzi bunduki, na pengine hujawahi kujihesabu kuwa mfanyabiashara wa sekta ya ulinzi. Lakini kuruta hachezi kwata na tumbo tupu, na ghala la serikali halijilindi lenyewe. Wewe ni sehemu ya sekta hiyo, na misukosuko ya dunia inayoigusa inakugusa wewe kabla ya wakubwa, kwa sababu mtaji wako ni mdogo na mkataba wako ni mfupi.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Vita vya mbali humwangusha mzabuni mdogo kupitia mapengo mawili. Pengo la kwanza liko kati ya bei uliyoandika kwenye mkataba na bei utakayonunulia mzigo miezi sita baadaye. Pengo la pili liko kati ya siku unayoshusha mzigo na siku fedha inapoingia benki. Dunia ikitulia, mapengo haya ni membamba na unayaruka. Ikiyumba, yanapanuka yote mawili kwa wakati mmoja. Yote yanayofuata hapa yanahusu namna ya kuyaziba.

1. Jua misukosuko inafikaje Makambako

Makambako imekaa njiapanda. Barabara kuu ya kwenda Mbeya, Tunduma na Zambia inapita hapo, barabara ya Njombe na Songea inachepukia hapo, na reli ya TAZARA inapita hapo. Reli hiyo yenyewe ilizaliwa na msukosuko: baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya kwenda baharini isiyopita kusini, na reli ya kilomita 1,860 ikajengwa na kuanza kazi rasmi mwaka 1976. Mji ulio njiapanda hunufaika na kila kinachopita, na huumia na kila kinachokwama. Angalia njia nne hizi.

*Dizeli.* Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ya mafuta ilipanda hapa nchini kiasi kwamba serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni mwaka huo. Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli Bahari ya Shamu, na meli nyingi zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Juni 2025 Israeli na Iran zilipigana kwa siku 12, na wenye meli wote wakaelekeza macho Mlango wa Hormuz. Kila tukio la aina hii linaweza kuishia kwenye pampu ya mafuta Makambako, na kutoka pampu linahamia kwenye nauli ya kenta yako.

*Dola.* Mbolea, mafuta ya kula, ngano, matairi na vipuri vinanunuliwa kwa dola. Mwaka 2023 dola ziliadimika nchini, na mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,700 kabla shilingi haijapata nguvu tena mwishoni mwa mwaka. Aprili 2022 Indonesia ilisitisha kuuza nje mafuta ya mawese kwa wiki kadhaa, wakati alizeti ya Ukraine nayo ilikuwa imekwama bandarini. Mzabuni aliyekuwa ameahidi ndoo za mafuta ya kula kwa bei ya mwaka uliotangulia alizitafuta kwa hasara.

*Hazina.* Serikali ikilazimika kutoa ruzuku ya mafuta na mbolea, au wafadhili wakikata misaada kama Marekani ilivyofanya mwanzoni mwa 2025, fedha ya kulipa wazabuni hubanwa. Hakuna atakayekutumia barua ya kukueleza hivyo. Utaona tu ankara yako ikichelewa.

*Majirani.* Mwaka 2024 Zambia ilipigwa na ukame mkali, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulikubaliana kuiuzia tani 650,000 za mahindi. NFRA ina kanda yake Makambako. Soko la namna hiyo ni neema kwa mkulima wa Wanging'ombe, na hapo hapo ni mtihani kwako uliyeahidi kambi unga kwa bei ya mavuno. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini, kujibu vikwazo vya nchi hizo kwa mazao yetu, kisha ikalegeza baada ya mazungumzo. Kwa siku hizo chache, wenye malori ya mpakani hawakujua wapakie nini.

Wapo wanaodhani vita vikiwaka, anayeuzia jeshi anatajirika. Matumizi ya kijeshi ya dunia yalifika dola bilioni 2,718 mwaka 2024 kwa hesabu za taasisi ya SIPRI ya Sweden, yakiwa yamepanda kwa asilimia 9.4 ndani ya mwaka mmoja. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka Ulaya na Mashariki ya Kati. Haikuongeza sahani hata moja ya maharage Njombe. Askari wetu wakienda kulinda amani nje, kama walivyokwenda mashariki ya Kongo katika brigedi ya Umoja wa Mataifa kuanzia 2013, au Cabo Delgado na majeshi ya SADC kuanzia 2021, hawali viazi vyako huko. Wanaokula chakula cha Umoja wa Mataifa, kwa mfano, hulishwa na makampuni makubwa ya kimataifa. Kwako, kikosi kilichosafiri ni walaji waliopungua.

2. Chagua bidhaa ambayo kambi haizalishi

JKT ilianzishwa Julai 1963 ikiwa na jembe mkononi, na hadi leo vikosi vyake vinalima na kufuga ili vijilishe. Shirika lake la SUMAJKT linajenga, linatengeneza samani, linashona na linalinda. Kabla ya kuomba zabuni, jiulize: kitu hiki ninachotaka kuuza, wao hawakilimi au hawakitengenezi? Ukipeleka mahindi kwenye kikosi chenye mamia ya ekari za mahindi, utanunuliwa mwaka wa ukame tu.

Nguvu ya nyanda zetu za juu ni baridi yake. Viazi mviringo, kabichi, karoti, njegere, maziwa na matofaa hustawi hapa kuliko sehemu nyingi za nchi. Faida nyingine ni vinyungu: wenzetu wa maeneo ya joto wakisubiri mvua, mkulima wa Njombe analima bondeni wakati wa kiangazi. Ukifunga makubaliano na wakulima wa vinyungu, unakuwa na mzigo miezi ambayo mshindani wako hana. Vijana wa kidato cha sita wanaoitwa JKT kwa mujibu wa sheria huripoti makambini karibu na mwezi Juni, na kwa miezi mitatu idadi ya walaji huongezeka sana. Panga upandaji na wakulima wako ukiwa na mwezi huo akilini.

Aliyekuwa akiishi kwa kuuza kuni makambini abadilike mapema. Katazo la kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 lilianza kusimamiwa mwaka 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia kufikia 2034. Gesi ya mitungi inaagizwa kutoka nje, kwa hiyo bei yake hufuata misukosuko ileile. Njombe na Makambako zina maranda na vumbi la mbao vingi kwenye viwanda vya paini. Ukikutana na watu wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuhusu mashine ya kukandamiza maranda kuwa nishati ya kupikia, utakuwa na bidhaa ambayo vita vya Ghuba havipandishi bei yake kwa siku moja.

Fundi cherehani na muuza mitumba, hapa usikilize vizuri. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia wote kusalimisha sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo. Belo la mitumba kutoka nje linaweza kuwa na kombati ndani. Usiziweke kwenye meza, usizishone upya kuwa suruali, usizihifadhi "kwa mteja maalumu". Sare yoyote ya jeshi, polisi au magereza ishonwe kwa mkataba wa maandishi tu, na mabaki ya kitambaa uyarudishe kwa hati.

3. Ingia kwa mlango ulio wazi

Vifaa vya kivita na vitu nyeti vina utaratibu wake wa usiri, na hauhusiani nawe. Chakula, mbao, vifaa vya ofisi na usafi ni mambo ya kawaida, na njia yake ni NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Sheria inayosimamia ni Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 pamoja na kanuni zake za 2024. Fanya haya:

1. Sajili biashara yako BRELA, pata TIN, leseni ya biashara na mashine ya EFD. Majina yafanane herufi kwa herufi kwenye kila karatasi na kwenye akaunti ya benki. Tofauti ya herufi moja huchelewesha malipo.
2. Jisajili NeST na uchague aina ya bidhaa unazouza kweli. Ukichagua kila kitu utapokea taarifa nyingi zisizokuhusu, na ile yako utaikosa.
3. Kama mko kikundi cha wanawake, vijana, wazee au watu wenye ulemavu, nendeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri ili kikundi kitambuliwe. Sheria inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi haya.
4. Ulizia mikataba maalumu ya GPSA, Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini. Taasisi nyingi hununua vitu vya kila siku kwa wazabuni walio kwenye mikataba hiyo.
5. Nunua mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Kambi inapokea kwa kilo. Ukinunua kwa lumbesa na kuuza kwa kilo bila kupima, hujui unapata faida au hasara, na lumbesa yenyewe ni kosa kisheria.

Ukiombwa "chochote" ili zabuni yako ipite, kumbuka kwamba faida utakayoiona hapa chini haina nafasi ya mtu wa tatu. Piga 113, namba ya TAKUKURU isiyolipiwa. Ukiona umeonewa kwenye matokeo, lalamika kwa afisa masuuli wa taasisi ndani ya muda uliowekwa, na usiporidhika uende Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma.

4. Panga bei yako kwa ajili ya mwezi mbaya

Hapa ndipo wengi huangukia. Tufanye hesabu ya mfano, nawe uingize namba zako.

Umeshinda zabuni ya kupeleka kilo 5,000 za viazi kila mwezi kwa shilingi 1,000 kwa kilo. Mauzo ni 5,000,000 kwa mwezi. Unanunua shambani kwa 650, yaani 3,250,000. Usafiri ni 600,000. Magunia, ushuru na wapakiaji ni 100,000. Gharama jumla ni 3,950,000, na kinachobaki ni 1,050,000. Biashara nzuri.

Sasa dunia inayumba. Viazi shambani vinapanda kwa asilimia 15 kwa sababu mbolea imepanda, na usafiri unapanda kwa asilimia 25 kwa sababu dizeli imepanda. Viazi ni 3,737,500, usafiri 750,000, na vile vingine 100,000. Gharama ni 4,587,500. Kinachobaki ni 412,500. Umepoteza zaidi ya nusu ya faida yako, lakini bado unapumua.

Ongeza pengo la pili. Malipo yanachelewa miezi mitatu. Maana yake kila wakati una mzigo wa miezi mitatu uliokwisha kuliwa na haujalipwa: 13,762,500. Kama fedha hiyo umeikopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, riba ni 412,875 kila mwezi. Faida yako yote imeliwa, na shilingi 375 juu yake. Bado serikali inakata kodi ya zuio ya asilimia 2 kwenye bidhaa, shilingi 100,000 kwenye malipo ya kila mwezi, ambayo utaidai kwenye hesabu za mwaka lakini leo huna mkononi. Unaendesha kenta, unaamka usiku, unawalisha watu, na mwisho wa mwezi unamfanyia kazi mkopeshaji.

Kutokana na hesabu hiyo, fuata kanuni nne:

- Usiweke bei kwa gharama ya leo. Chukua bei ya juu kabisa uliyowahi kununulia katika miezi 24 iliyopita, nauli ya juu kabisa katika kipindi hicho, kisha uone kama bado kuna faida. Kama haipo, zabuni hiyo waachie wengine.
- Hesabu gharama ya kusubiri malipo kama unavyohesabu magunia. Kusubiri ni gharama.
- Usiombe kiasi ambacho mtaji wako hauwezi kukihudumia kwa miezi mitatu. Kama una milioni 6 za kuzungusha, mkataba wa milioni 2 kwa mwezi unakutosha.
- Bei yako iwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutoza na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo usimkubalie msambazaji anayekudai kwa dola.

5. Soma mkataba kabla ya kusaini

Mkataba wa serikali unatisha kwa unene wake, lakini kwako kurasa chache ndizo zenye uzito. Keti na mtu anayeelewa, mwalimu wa biashara au mhasibu wa SACCOS, mtafute majibu haya:

*Je, bei inaweza kurekebishwa?* Mikataba mifupi ya bidhaa mara nyingi ni ya bei isiyobadilika. Kama ndivyo, omba mkataba wa miezi michache badala ya mwaka mzima, au uliza wakati wa maswali ya zabuni kama bei itapitiwa. Swali linaulizwa kabla ya kuwasilisha zabuni. Baada ya kusaini limekuwa ombi la huruma.

*Je, kiasi ni cha lazima au ni cha makadirio?* Mikataba mingi huandika makadirio, na manunuzi hufanyika kwa LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo, moja moja. Kikosi kikihamishwa au kuruta wakimaliza mafunzo, LPO hazitakuja. Usikope kwa kutegemea makadirio. Kopa kwa LPO iliyosainiwa.

*Malipo ni siku ngapi baada ya kupokelewa mzigo? Kuna riba ya ucheleweshaji?* Kama ipo, iandike kwenye barua yako ya madai. Wengi hawaidai kwa kuogopa kuonekana wakorofi, kumbe ni haki iliyo kwenye karatasi.

*Ni mambo gani yanahesabika kuwa nje ya uwezo wa mzabuni?* Vita, mafuriko na kufungwa kwa barabara mara nyingi vimo. Kupanda kwa bei mara nyingi hakumo. Na hata lililomo halikulindi usipotoa taarifa ya maandishi mapema. Daraja likikatika, andika barua siku hiyohiyo.

6. Linda malipo yako

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mzabuni bila faili naye hupotea bila kulipwa. Kila mzigo uwe na karatasi tano zilizobanwa pamoja: LPO, hati ya kukabidhi mzigo yenye sahihi, jina, cheo na muhuri wa aliyepokea, risiti ya EFD, ankara, na nakala ya mkataba. Afisa ugavi atahamishwa, mtunza stoo atastaafu, na atakayekuja hakujui. Karatasi ndiyo itakayokukumbuka.

Usipeleke mzigo kwa simu tu. "Leta, LPO inafuata" ndiyo sentensi iliyotengeneza madeni mengi yasiyo na mwenyewe. Hata aliyekuambia ni mtu mwema kabisa, akihamishwa huna ushahidi.

Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Ankara zote ziwe zimeingia kabla ya Juni kuanza, kwa sababu deni linalovuka mwaka huingia kwenye foleni ya madeni yanayohakikiwa upya. Serikali ikitangaza uhakiki wa madeni ya wazabuni, peleka faili lako wiki hiyohiyo.

Ukibanwa, nenda benki na LPO au ankara iliyopokelewa uulize mkopo wa kukamilisha zabuni. Riba yake ikilinganishwa na ya wakopeshaji wa mitaani kwa kawaida ni nafuu kubwa. Kikundi chenye sifa kiombe mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, na kama ulivyoona kwenye hesabu ya viazi, riba ndiyo iliyomeza faida.

Na uwe msiri. Idadi ya magunia unayopeleka kambini inaeleza idadi ya watu waliomo. Usipige picha getini, usiweke kwenye kundi la WhatsApp, usimtajie mtu ratiba ya kupeleka mzigo. Dunia ikiwa na wasiwasi, kambi nazo huongeza umakini, na mzabuni mwenye mdomo hapewi zabuni ya pili.

7. Kama una kampuni ndogo ya ulinzi

Walinzi binafsi wanaumizwa kwa njia yao, kwa sababu baadhi ya malindo yao ni ofisi za miradi ya wafadhili. Mkoa wa Njombe ndio wenye kiwango cha juu kabisa cha maambukizi ya VVU nchini, asilimia 12.7 kwa utafiti wa 2022/23, na kwa miaka mingi miradi ya afya ya wafadhili imekuwa na shughuli nyingi hapa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, na Julai mosi shirika la USAID likafungwa, pigo halikuishia kwa wauguzi na wahudumu wa jamii. Ofisi ya mradi ikifungwa, lindo lake nalo limekwisha.

Wakati huohuo gharama yako kubwa, mshahara, imepanda kisheria. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari mosi 2026 ilipandisha kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4. Ukiwa na mkataba uliosainiwa kabla ya amri hiyo bila kipengele cha kima kipya, unalinda kwa hasara.

Kwa hiyo weka kwenye kila mkataba sentensi inayosema bei itapitiwa pale amri mpya ya mishahara inapotoka. Usiruhusu mteja mmoja awe zaidi ya theluthi moja ya malindo yako. Tafuta malindo yanayotegemea uchumi wa hapa: viwanda vya chai, vyumba vya baridi vya parachichi, yadi za mbao na nguzo, maghala ya nafaka Makambako. Silaha isimamiwe kwa Sheria ya Silaha na Risasi ya 2015, kwa kibali cha polisi na daftari la kukabidhiana kila zamu. Na mshahara wa mlinzi usiukawize kamwe kwa kisingizio kwamba mteja hajalipa. Mlinzi mwenye njaa ni hatari kwa mteja, na ni dhambi kwako.

8. Kambi iwe mguu mmoja, usimame kwa miwili

Vita vya Kagera, vilivyoanza mwishoni mwa 1978 na kumalizika katikati ya 1979, viliwafundisha wazee wetu somo la gharama. Malori ya watu binafsi yalichukuliwa kwenda mstari wa mbele, mafuta yakapanda bei duniani mwaka 1979 baada ya mapinduzi ya Iran, na Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Mikanda ilibaki imefungwa kwa miaka. Waliokuwa na mteja mmoja tu hawakuwa na pa kugeukia.

Kipimo kizuri ni hiki: mauzo ya serikali yasizidi nusu ya mauzo yako. Nusu nyingine itoke kwa wanaolipa papo hapo. Viazi vya Njombe vina soko Dar es Salaam na Dodoma. Shule za bweni na hospitali binafsi zinakula kila siku. Madereva wa malori wanaolala Makambako wanahitaji chakula, vipuri na mahali salama pa kuegesha. Fedha ya papo hapo ndiyo inayokuwezesha kumsubiri mlipaji mkubwa bila kukopa.

Ungana pia na wenzako. Wazabuni watano wenye kenta moja moja wakinunua dizeli, magunia na mbegu kwa pamoja wanapata bei ambayo mmoja hapati. Mmoja akikwama barabarani, mwingine anapeleka mzigo na jina la wote linabaki safi. Kikundi kikisajiliwa kisheria, kinaweza kuomba zabuni ambayo hakuna hata mmoja wenu angeimudu peke yake.

9. Ratiba ya kufuata mwaka mzima

- *Jumatano ya kwanza ya kila mwezi:* soma bei kikomo za mafuta za EWURA za Njombe na Makambako. Andika bei ya dizeli kwenye daftari. Ikipanda kwa asilimia 10 ndani ya miezi miwili, rudia hesabu za kila mkataba.
- *Kila wiki:* ingia NeST, angalia bei ya gunia sokoni, angalia thamani ya shilingi kwa dola.
- *Januari hadi Machi:* zungumza na wakulima wa vinyungu kuhusu mbegu na mbolea ya ruzuku. Mhimize kila mkulima wako awe kwenye daftari la mbolea, kwa sababu mbolea yake ndiyo bei yako.
- *Aprili na Mei:* kusanya ankara zote, dai yaliyochelewa kwa barua.
- *Juni:* sikiliza hotuba ya bajeti. Kodi ya mafuta na ushuru mpya vitakugusa kuanzia Julai mosi.
- *Julai hadi Septemba:* taasisi zinatangaza mipango yao ya ununuzi. Andaa zabuni kwa hesabu ya mwezi mbaya.
- *Desemba:* funga hesabu. Weka angalau asilimia 10 ya faida kwenye akaunti ya akiba isiyoguswa, iwe ngao yako mwaka unaofuata.

Huwezi kuzuia meli kushambuliwa Bahari ya Shamu, wala kuamua nani aivamie nchi gani. Unachoweza ni kukataa bei isiyokulipa, kukataa kupeleka mzigo bila LPO, kuweka akiba, na kutomtegemea mteja mmoja. Anza na mkataba ulio nao sasa: chukua kalamu jioni hii, uandike gharama zako zote, uongeze asilimia 15 kwenye mzigo na asilimia 25 kwenye usafiri, uhesabu miezi mitatu ya kusubiri. Ukiona faida imebaki, endelea kwa moyo. Ukiona imekwisha, nenda kazungumze na afisa ugavi wiki hii, mapema, kabla mzigo haujakwama njiani na jina lako halijaingia kwenye orodha ya walioshindwa.